Kidogo Mno

Karatasi ilikuwa na sentensi ishirini na tatu, na zote zilikuwa maneno ya marehemu.

Inspekta aliisoma kwa mara ya nne, amesimama karibu na dirisha katika chumba cha mwalimu wa chuo cha ufundi, huku mwalimu mwenyewe, mama wa makamo, akipekua meza nzima kutafuta miwani iliyokuwa juu ya kichwa chake. Wenzake kituoni walimwita Inspekta Sindano, kwa wembamba wake na kwa namna maswali yake yalivyopenya bila kelele. Asubuhi hiyo sindano ilikuwa butu. Hakuwa amelala vizuri kwa siku tisa.

Sentensi ya kumi na moja ilisema: *Maji yakiwa kidogo, ongeza maji taratibu, moto uache.* Ya kumi na mbili: *Maji yakiwa kidogo mno, zima moto, usiguse maji, toka nje.*

Mtu aliyezisema alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha kutia nguo rangi. Kwa miaka ishirini na sita watu walimwita Fundi Kiasi, kwa kuwa kila ulipomwuliza jambo alijibu kwa neno hilo. Presha ikoje? Kiasi. Mkeo hajambo? Kiasi. Siku tisa zilizopita, Alhamisi, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, boila namba moja ilipasuka akiwa mbele yake. Inspekta alikiona chumba kile kabla hakijasafishwa. Mlango wa chuma wa boila ulikuwa umejikita kwenye ukuta wa mbele, na chini yake kilibaki kiatu kimoja, kamba zake zimefungwa vizuri. Tangu siku hiyo, mfuniko wa sufuria ukitetema jikoni kwake, aliinuka kwenda kuzima jiko.

Ripoti ya kwanza ilikuwa fupi. Boila iliishiwa maji, mabomba yakawaka mekundu, kisha marehemu akafungulia maji baridi. Maji baridi yakigusa chuma chekundu hugeuka mvuke wote kwa mara moja, na hakuna chuma kinachoweza kuuzuia. Mkono wake, kosa lake. Bosi wa Inspekta hakupenda jibu hilo, kwa sababu magazeti yalikuwa yakiuliza kuhusu mashine yenye akili iliyoendesha boila. Alitaka mhandisi kijana aliyeitengeneza akamatwe kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo majibu rahisi yalikuwa mawili, na Inspekta hakuridhika na hata moja.

"Nieleze tena," alimwambia mwalimu. "Kwa lugha ya sokoni."

Mwalimu aliipata miwani, akaketi. Mashine za zamani, alisema, zinajua mambo mawili tu: ndiyo na hapana. Maji yapo au hayapo. Lakini fundi hasemi hivyo. Fundi anasema kidogo, kiasi, ya kutosha, mno. Ipo hesabu inayokubali maneno ya namna hiyo. Kwa hesabu hiyo maji yaleyale yanaweza kuwa kidogo kwa sehemu sita na ya kutosha kwa sehemu nne, kwa wakati mmoja, na mashine ikapima pande zote mbili kabla ya kuamua. Yeye aliiita mantiki ya kiasi, ingawa wanafunzi wake waliiita mantiki ya ukungu. Mhandisi alikaa na Fundi Kiasi miezi miwili akiandika sentensi zake, kisha akazitia ndani ya mashine kama zilivyo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuisoma. Kila inachofanya kina sentensi yake. Ubaya wake ni kwamba inajua tu kile ilichoambiwa.

"Na hicho kingine kilichomo ndani yake?"

Hicho kingine kilikuwa mtandao wa neva. Huo, mwalimu alisema, hauambiwi kitu; unaonyeshwa. Unaupa mifano elfu kumi, nao unazungusha namba zake kidogokidogo mpaka majibu yake yafanane na mifano. Unajifunza hata yale ambayo hakuna mtu angeweza kuyaeleza. Lakini uulize kwa nini umeamua hivi, hauna la kukujibu.

"Shahidi bubu aliyeona kila kitu," Inspekta alisema.

"Na yule wa kwanza ni msemaji hodari asiyeona kitu. Ndiyo maana watu wakawaozesha." Mwalimu alitandaza michoro miwili mezani. "Juu kuna maneno ya fundi. Chini kuna mtandao. Neno 'kidogo' linabaki 'kidogo', lakini linaanzia wapi na kuishia wapi, anayeamua ni mtandao. Nao unaamua kwa kutazama mkono wa aliye zamu. Kila mtu anapoikosoa mashine, mpaka wa neno unasogea unywele mmoja."

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa miezi mitano nyuma. Maneno yalionekana kama vilima vilivyopandana miguuni, na kilima cha *kidogo mno* kilianza pale maji yaliposhuka chini ya robo. Mchoro wa pili ulitolewa kwenye kumbukumbu za mashine siku moja kabla ya mlipuko. Kilima kile kilikuwa kimesukumwa hadi pembeni kabisa, chembamba kama msumari, karibu na sifuri. Nafasi yake yote ilikuwa imemezwa na *kidogo*.

Inspekta aliisogeza michoro miwili bega kwa bega.

"Maneno hayajaguswa," mwalimu alisema polepole. "Maana ndiyo iliyohamishwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ile boila ilikuwa karibu kukauka, na skrini ikamwambia Fundi Kiasi: maji kidogo, ongeza taratibu. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Angeyakataaje?

Mwalimu alikuwa na jambo la mwisho, na alilisema huku akitazama mlango, kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Mashine huandika kila inapokosolewa. Mara arobaini na moja ilitaka kuzima moto kwa sababu ya maji, na mara arobaini na moja mkono wa mtu ulibonyeza kitufe cha Endelea. Zote zilikuwa Jumanne, asubuhi, katika wiki tisa mfululizo. Na kadi iliyotumika kufungua kitufe hicho ilikuwa kadi ya Fundi Kiasi.

*

Mjane wa Fundi Kiasi alimpokea ukumbini. Viti vya kuazima vilikuwa bado vimepangwa ukutani, kimoja juu ya kingine, vikisubiri wenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekaa kama mtu anayesubiri kuitwa, mikono mapajani.

Inspekta alimpa pole, kisha akamwuliza kuhusu Jumanne.

Mama yule aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kadi ya hospitali iliyokunjwa hata ikachanika kati. Ilikuwa na mihuri tisa. Mume wake alikuwa na presha ya macho, alisema. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilikuwa njiani. Kila Jumanne asubuhi alikwenda kliniki, na kazini alificha, maana fundi wa boila asiyeona kioo cha kupimia maji ataambiwa akapumzike. Kadi yake ya kazi aliiacha imetundikwa msumarini kwenye chumba cha boila ili ionekane yupo.

Inspekta alihesabu mihuri, akalinganisha tarehe na daftari lake. Zililingana zote tisa. Marehemu hakubonyeza kitufe hata mara moja.

"Nani kazini alijua?"

"Wawili tu. Kaka yangu, maana yeye ndiye msimamizi wa zamu. Na yule kijana mhandisi. Alimwona anapapasa skrini, akamkuzia maandishi bila kumwambia mtu." Alizikunja pembe za kanga yake. "Alikuwa akisema mashine ile ni mdomo wake. Macho yakifa, mdomo utabaki."

Halafu akauliza jambo alilokuwa nalo tangu mwanzo. Kaka yake alimweleza kwamba ni macho ndiyo yaliyomponza shemeji yake. Hakuona kioo, akafungulia maji. Sasa yeye mke, aliyejua na akanyamaza wiki zote tisa, akimfungia chakula cha mchana na kumwambia nenda salama, je, si ndiye aliyemwua?

Inspekta alitaka kumwambia hapana, lakini hakuwa bado na ushahidi wa kuiweka hapana hiyo mezani. Alimwambia ampe mpaka jioni.

*

Langoni mwa kiwanda mlinzi alimwomba simu, kama alivyomwomba kila siku, akaitia kwenye kisanduku chenye namba. Hakuna simu iliyoruhusiwa kupita hapo, ya mkubwa wala ya mdogo, kwa sababu ya mivuke ya dawa za rangi. Inspekta alisaini, akapiga hatua mbili, kisha akasimama. Akarudi kwenye daftari la mlinzi, akafunua kurasa mpaka siku ya mlipuko. Alisoma mstari mmoja, akalifunga daftari, akashukuru.

Waliojua siri ya kadi walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa kiwandani kila Jumanne. Mtu wa tatu aliyeweza kuufikia msumari ule alikuwa fundi wa zamu ya jioni, mwanamke mfupi wa mabega mapana waliyemwita Bolti. Lakini Bolti alikuwa kwenye likizo ya uzazi wiki zote hizo, na daktari wake alithibitisha. Kwa hiyo Inspekta alimchagua yeye amsaidie.

Walizungumza faraghani kwenye chumba cha boila namba mbili, pacha wa ile iliyopasuka, iliyotenganishwa nayo kwa ukuta tu. Inspekta alimwambia anachotaka. Bolti alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa. Pembeni mwa boila palikuwa na chungu kidogo cha chuma chenye boya ndani, alieleza. Boya likishuka, mashine inajua maji yameshuka. Ukifunga vali zake mbili na kukimwaga chungu hicho peke yake, mashine itadhani boila inakauka, kumbe maji yako palepale. Wenyewe waliwahi kufanya hivyo kila wiki, kuijaribu, mpaka Msimamizi alipowakataza kwa sababu inapoteza muda.

"Una uhakika maji yapo?" Inspekta aliuliza.

"Nimeyajaza kwa mkono wangu. Ila mimi nina mtoto wa miezi mitatu nyumbani, Inspekta. Usinikalishe humu sana."

Kioo cha maji cha boila hiyo kilikuwa kimeshafunguliwa na kupelekwa maabara tangu wiki iliyopita, matundu yake yamezibwa. Aliyetaka kujua habari za maji alikuwa na skrini tu.

Saa tano waliitwa wale wawili. Mhandisi aliingia wa kwanza, kijana aliyekonda, kucha zimetafunwa hadi nyamani. Alikuwa ameshaambiwa na watu wengi kwamba atafungwa. Nyuma yake akaja Msimamizi, mtu wa miraba minne, shati limepigwa pasi, kaka wa mjane. Alimsalimia Inspekta kwa upole, akauliza kama dada yake anakula. Inspekta aliwaambia kwamba kabla kiwanda hakijafunguliwa tena sheria inataka boila ya pili iwashwe mbele yao na iachwe kwenye mikono ya mashine, na wao watatazama tu. Hilo lilikuwa kweli kwa nusu. Hakuwaambia kwamba boila zote mbili zilitumia akili moja na kwamba kilichofundishwa namba moja kilikuwa kimekwisha kukaa humu.

Bolti aliwasha. Moto ulishika kwa mguno uliotikisa sakafu, na Inspekta akajikuta ameshika ukingo wa meza. Alijua maji yapo. Alitazama mlango wa chuma wa boila, mlango sawasawa na ule uliojikita ukutani, akapima umbali kutoka mlango huo hadi kifuani mwake. Hatua nne.

*MAJI: YA KUTOSHA*, skrini ilisema kwa maandishi makubwa ya kijani, yale yaliyokuzwa kwa ajili ya mtu asiyeona.

Mshale wa kipimo cha presha ulipanda. Joto lilianza kuwafikia usoni. Mhandisi alieleza, bila kuulizwa, jinsi mashine inavyopima, sauti yake ikitetemeka mwanzoni na kutulia kadiri alivyoendelea, maana alikuwa akisema kitu anachokipenda. Msimamizi alisimama karibu na mlango wa kutokea, mikono nyuma.

Inspekta alivua kofia yake. Ndiyo ilikuwa ishara. Bolti alizunguka nyuma ya boila kama anayekagua bomba, na mlio wa moto ukafunika mlio wa maji yanayomwagika.

Dakika moja ikapita. Ya pili. Jasho lilimteremka Inspekta mgongoni, akawaza kwamba kama Bolti amekosea vali moja tu, hakuna atakayeandika ripoti.

Maandishi yakabadilika, sasa ya manjano.

*MAJI: KIDOGO. ONGEZA TARATIBU.*

Mhandisi alisogea akasoma. Uso wake haukubadilika. "Kawaida," alisema. "Bado theluthi hivi. Ikishuka zaidi itasema kidogo mno na itazima yenyewe." Na kwa kuwa skrini ilisema ongeza, na kwa kuwa alimwona Fundi Kiasi akifanya hivyo mara mia, alinyoosha mkono kwa utulivu kabisa kuelekea vali ya maji.

Inspekta aliudaka mkono ule kabla hajafikiri. Boila ilikuwa imejaa. Vali hiyo isingedhuru mtu leo. Bado aliushika mkono wa kijana kwa nguvu hata akaguna. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile, aliona sasa. Mtu mtulivu, neno la kawaida, mkono kwenye vali.

Chungu cha boya kilikuwa kitupu sasa. Mashine iliamini boila ina maji ya kulowesha kidole, na bado skrini ilisema *kidogo*, na bado moto ulinguruma. Ndipo Mhandisi alipoanza kuelewa. Alitazama saa, akatazama skrini, na rangi ikamtoka usoni. Aliruka kwenye kitufe chekundu, akakipiga, moto ukazimika.

Inspekta aligeuka. Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi.

"Aliondoka lini?" aliuliza, ingawa alijua.

Bolti alitokea nyuma ya boila. Kutoka kule alikuwa akimwona vizuri. Aliondoka, alisema, mara tu maandishi yalipogeuka manjano. Hakumwonya mtu.

*

Walimkuta nyuma ya ghala la chumvi, ghala la matofali mazito lililosimama kati ya vyumba vya boila na uwanja. Alikuwa amechuchumaa, mgongo ukutani, viganja masikioni. Shati lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Inspekta alisimama mbele yake mpaka alipofumbua macho.

"Haijapasuka," Msimamizi alisema.

"Haitapasuka. Imejaa maji."

Inspekta akamweleza, kwa sauti ya chini, kilichomtoa mle ndani. Neno 'kidogo' halimtishi mtu. Mhandisi aliyeijenga mashine alilisoma bila kupepesa. Linamtisha tu yule anayejua neno hilo limefika wapi. Na kulikuwa na jambo la pili. Siku ya mlipuko alikutwa hapahapa, mzima, akaandikisha kwamba alitoka nje kupokea simu. Daftari la mlinzi lilionyesha simu yake iliingia kwenye kisanduku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikatoka saa tisa alasiri.

Msimamizi aliitazama mikono yake. Halafu akaanza kusema, na alisema mengi, kama gunia lililotoboka.

Pampu ya maji ilikuwa chakavu. Jumanne ndiyo siku ya rangi nzito, mapipa yote yanataka mvuke kwa pamoja, maji yanashuka, mashine inazima moto, na nguo nzima ya asubuhi inatoka na mabaka. Wakubwa walimwambia moto ukizimika tena atafute kazi nyingine. Pampu mpya aliiomba mara tatu. Basi shemeji yake akienda kliniki yeye alichukua kadi msumarini, na mashine ilipotaka kuzima, alibonyeza Endelea, kama mtu anayefukuza nzi. Hakujua kwamba inajifunza. Alidhani anainyamazisha tu kwa siku hiyo.

"Ukajua lini?"

"Jumanne ya saba. Ilitaka kuzima mara moja tu. Nilikaa nasubiri inisumbue tena, haikunisumbua. Nilimwuliza kijana, kama mzaha, kwa nini imekuwa mpole. Akasema labda imekua."

Mhandisi, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma, alitoa sauti ndogo.

"Na Alhamisi ile?" Inspekta aliuliza.

Alhamisi ile pampu ilikuwa ikikohoa tangu alfajiri. Msimamizi alipita mlangoni, akaona manjano, akaona mkono wa shemeji yake unakwenda kwenye vali. Palikuwa na nafasi. Hata ya kuita jina.

"Ningepiga kelele," alisema. "Lakini nikipiga kelele, wataniuliza nimejuaje."

Bolti aligeuza uso akatazama ukuta. Msimamizi alipangusa pua kwa mkono wa shati, akaomba dada yake asiambiwe leo, aambiwe kesho, baada ya watu wa viti kupita. Inspekta alimwambia ataambiwa leo, maana kuna mzigo anaubeba usio wake. Akawapungia mkono askari wawili waliokuwa wakingoja uwanjani.

Walipokuwa wakimwinua, swali lilimjia Inspekta, na alilikawiza kidogo kwa sababu aliogopa jibu lake. Boila isiyozima ni kitu kizuri kwa wakubwa. Je, waliiona?

Msimamizi aliinamisha kichwa. Aliyejibu alikuwa Mhandisi.

Waliiona, alisema. Waliisifu. Wiki nne zilizopita aliagizwa atoe nakala ya yote ambayo mashine imejifunza na kuituma kwa wengine wenye mtambo kama huo, nao wasianze kuufundisha upya. Aliituma mwenyewe. Alijisikia fahari. Kiwanda cha sabuni. Kiwanda cha karatasi. Na dobi la hospitali kuu, boila iliyo chini ya wodi ya wazazi.

Walikimbia ofisini, kwenye simu ya mezani. Mhandisi alisoma namba kutoka kwenye daftari lake, Inspekta akabonyeza, na mara mbili kidole kilikosea, akaanza upya.

Kiwanda cha sabuni walikuwa wamezima tangu juzi kwa matengenezo. Kwenye kiwanda cha karatasi alipokea mtu mwenye haraka, akabisha, akataka barua. Inspekta alimwambia jina la marehemu na idadi ya vipande vilivyookotwa chumbani, na yule mtu akaacha kubisha. Alisikika akipaza sauti kwa wenzake wazime.

Simu ya dobi iliita. Ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tano, saa ambayo mashuka ya asubuhi yote huwa yamo mashineni. Mhandisi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti.

Mara ya tatu ilipokewa. Sauti ya mwanamke, nyuma yake mngurumo.

"Dobi."

"Dada, mimi ni polisi. Wewe ndiye unayeangalia boila?"

Ndiye, alisema. Mwenzake alikwenda kula. Inspekta alimwuliza skrini inasema nini. Mwanamke akasikika akisogea.

"Inasema maji kidogo, niongeze taratibu. Ndiyo nilikuwa nakwenda kuongeza, simu ikaita."

Inspekta alifumba macho. Aliziweka sentensi zake moja moja, kama mtu anayepanga mayai. Usiguse maji. Usifungue kitu chochote. Zima moto tu, kitufe chekundu, kisha urudi uniambie.

Kipokezi kiliwekwa juu ya kitu kigumu. Hatua zikaenda. Mngurumo ukaendelea, ukaendelea, halafu ukakatika ghafla, na upande ule wa waya pakawa kimya kabisa. Inspekta hakujua ni kimya cha namna gani. Bolti alikuwa amemshika bega, na vidole vyake vilikuwa vikiumiza.

Hatua zikarudi.

"Nimezima."

"Ahsante. Pembeni mwa boila kuna kioo cha maji. Unakiona kutoka hapo ulipo? Usisogee. Kuna nini ndani yake?"

Mwanamke alichukua muda, kama mtu anayeangalia mara mbili ili asiseme uongo.

"Hamna kitu," alisema.

Inspekta alimwambia aache simu ikining'inia, atoke, na awatoe akina mama wote walioko juu.